Katlesi Iliyorudi Ukumbini

Nichekeni sasa hivi mmalize, halafu mniache nisimulie mwenyewe, maana nshachoka kulisikia jina la Bi Katlesi kila nikipanda ngazi za ofisi, na kila anayelitaja ana namna yake ya kuieleza hiyo habari, mmoja ati nilizimia, mwengine ati mgeni alipakia mizigo akarudi kwao usiku ule ule, na yote ni uongo, ukweli wenyewe ni wa aibu zaidi. Aibu niliyoipata kijijini Uroa Ramadhani ile, mpaka leo ikinijia nikiwa peke yangu nnajifunika uso kwa ushungi (mara moja nilifanya hivyo kwenye foleni ya benki, mama mmoja akanishika bega akaniuliza nimefiwa na nani).

Kwa msiojua, kazi yetu sisi ni kupima maendeleo. Ofisi yetu iko Mji Mkongwe, juu ya duka la vitambaa, na tunatakiwa tuseme shehia ipi (mtaa au kijiji) imeendelea na ipi bado, sasa kwa vile maendeleo huwezi kuyaweka kwenye mizani ukayapima kama vitunguu, inabidi uchague vitu vya kuangalia, ndivyo vinavyoitwa viashiria: nyumba ngapi zimeezekwa bati, ngapi zina umeme, watoto wangapi wako skuli, kina mama wangapi wanajifungulia hospitali. Mwaka ule tulikuwa tunavichagua upya, na mkuu wetu, Bwana Shaame, mtu mpole sana, mcha Mungu, ana maradhi ya bati. Ukimwambia habari ya kijiji chochote Unguja nzima, anakuuliza kwanza paa. Nyumba ya bati kwake imeendelea, ya makuti haijaendelea, na hoteli za Uroa zilizoezekwa makuti kwa makusudi ili watalii wapige picha zilimnyima usingizi, hajui aziweke wapi.

Mimi nilikuwa mgeni kazini, na mkataba wangu ulikuwa unamalizika baada ya Idi. Hilo lishikeni, ndilo lililoniponza. Mtu mwenye mkataba mrefu hukaa kimya kikaoni akala karanga zake. Mimi nikanyanyua mkono.

"Bwana Shaame, mbona nyumba tunazipima, watu waliomo ndani hatuwapimi?"

"Uwapime kwa nini?"

"Kwa sahani."

Wakaniangalia wote. Na mimi hapo nshapata moto, sijui maneno yalitoka wapi, nikawaambia kwetu sisi jirani akipika humpelekea jirani, Ramadhani ndio kabisa, kuanzia alasiri unaona sahani zimefunikwa kawa zinapita njiani, na sahani hiyo hairudi tupu, aliyeletewa tambi atarudisha mihogo, aliyeletewa mihogo atarudisha kaimati, na akiwa hana kitu atatia hata embe moja, lakini tupu hairudi. Basi mtaa ambao sahani zinatembea, nikasema, ni mtaa ambao hakuna anayelala na njaa na hakuna mgonjwa asiyejulikana, hayo ndiyo maendeleo, usitazame paa, tazama sahani zinavyokwenda na kurudi. Wallahi nilijipendeza. Wenzangu wakapiga makofi, mmoja akaniandikia ujumbe pale pale kwenye simu, "Leo umewaua," na mimi mwili unanisisimka, nikajiona nshakuwa mtu wa kualikwa kwenye redio.

Bwana Shaame akavua miwani. "Hizo sahani umezihesabu wapi, Bi Rukia?"

Sikuwa nimezihesabu popote. "Nnakwenda kuzihesabu Uroa," nikasema, "kwa shangazi yangu."

Akatikisa kichwa taratibu, akasema sawa, wiki ijayo anakuja Mama Neema kutoka Dar es Salaam, ndiye mtu wa wale wanaogharamia kazi yetu, basi atamleta afuturu huko huko Uroa aone kwa macho yake. "Kikimridhisha, kiashiria kinaingia, na wewe ndiye utakayekisimamia kisiwa kizima. Kisipomridhisha, tutazungumza baada ya Idi." Alisema hivyo kwa upole, lakini mimi niliyesikia nilijua mazungumzo hayo ya baada ya Idi ni yale ya kushukuriana na kupeana mikono.

Nikaenda Uroa mapema, nikakaa kwa Shangazi Mize. Shangazi yangu huyu kanilea, nyumba yake iko katikati ya mtaa, hakuna sahani inayopita asiione, na mimi nikajibanza ukumbini na kile kidude cha kuvutia uradi, tasbihi ya kisasa ile ya kuvaa kidoleni, ukibonyeza inalia tiki na namba inapanda. Akiingia mtu na sahani, tiki. Ikitoka sahani, tiki. Siku hizo za mwanzo zilinipa furaha ambayo siwezi kuisema, kwa sababu nilichokisema kikaoni kwa mdomo mtupu nilikuwa nakiona kweli, watoto wanakimbizana na sahani vichwani, Bi Asha wa nyumba ya mbele anapiga kelele tambi zake zisimwagwe, na kabla ya sahani yoyote kutoka kwa shangazi, ya kwanza kufunikwa ilikuwa ya Bi Time. Bi Time ni bibi anayeishi peke yake mwisho wa njia, macho yamefanya ukungu, na Ramadhani jioni hawashi moto, hana haja, kila siku akitoka kusali anakuta kwenye baraza yake kuna kitu kimefunikwa. Huyo ndiye aliyekuwa ushahidi wangu. Nilipanga nikifika kikaoni nianze na yeye.

Sasa kosa. Shangazi siku moja ananiangalia, anapepeta mchele na ananiangalia, mwisho akashindwa.

"Rukia mwanangu, huo uradi gani unaouvuta kila mtu akipiga hodi?"

Ningesema ni mazoea tu. Ningesema nnamsalia Mtume. Lakini nikaona haya kumdanganya mtu kafunga na mimi nimefunga, tena kwa tasbihi, nikamwambia kweli: "Nnahesabu sahani, shangazi. Ofisini wanataka kuona zinavyotembea. Zikionekana nyingi, mimi kazi yangu inabaki."

"Zikionekana nyingi," akarudia.

"Lakini usimwambie mtu."

"Nimwambie nani mie?"

(Alimwambia Bi Asha. Bi Asha naye, kwa kunionea huruma, akamwambia dada yake tu. Wote walifanya kwa mapenzi, na hilo ndilo linalonifanya mpaka leo nisiwe na wa kumlaumu.)

Siku ya wageni ikafika, na mimi tangu asubuhi sikai. Nimetandika mikeka, nimefukiza udi, nimevaa dera jipya. Alasiri haijaingia vizuri, hodi ya kwanza. Nikashangaa, maana kwa kawaida saa hizo watu ndio kwanza wanakuna nazi, lakini nikabonyeza, tiki. Hodi ya pili. Ya tatu. Halafu nikaona kitu ambacho kingetosha kuniamsha kama ningekuwa na akili zangu: waliokuja na sahani hawakuwa watoto. Walikuja mama zao, mabaibui ya Idi, manukato juu, wanasimama mlangoni wanataja majina. "Mwambie Rukia hii ya Mwanajuma wa kwa Makame." "Rukia, hii ya mama yake Zuhura, umeibonyeza?" Mmoja alirudi kutoka njiani kuniuliza kama ile yake ya mwanzo na hii ya sasa zimehesabiwa mbali mbali. Na mimi, jamani, mimi nilifurahi. Nilidhani ni baraka za mwezi. Kidole kinaniuma na nnabonyeza.

Wakafika Bwana Shaame na Mama Neema karibu na magharibi. Mama Neema mtu wa makamo, mcheshi, ni Mkristo lakini kajitanda mtandio kwa heshima ya mwezi, na mdomoni kapaka rangi nyekundu, nyekundu kweli kweli, hata shangazi aliiangalia mara mbili. Wakatoka garini njia imejaa sahani kushoto na kulia, kawa juu ya kawa, Bwana Shaame akasimama tu. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Bi Rukia, sikukuamini." Nilitaka kulia kwa raha.

Adhana ikalia, tukafungua kwa tende na uji wa pilipili manga, mbele yetu mkeka hauonekani kwa vyakula. Mama Neema akachukua katlesi, akaiuma. Zile katlesi za shangazi zina pilipili ya makusudi, nikamuona machozi yanamlenga, akameza kwa adabu, na iliyobaki akairudisha taratibu pembeni mwa sahani ile ile, chini ya jani la saladi, asimuudhi mwenyeji. Mimi nikajifanya sikuona. Bwana Shaame akaenda msikitini, sisi tukaingia chumbani kusali.

Basi kwa kawaida magharibi ikishasaliwa sahani zimekwisha, kila mtu yuko kwake anakula. Siku ile tumetoa salamu tu, hodi. Mwanajuma tena. Nyuma yake mama yake Zuhura. Na shangazi uani anavuja jasho, kaninong'oneza, "Rukia, sina cha kurudishia. Masufuria yote meupe." Na sahani haiwezi kurudi tupu, mbele ya mgeni ndio kabisa, ningeutupa wapi uso wangu na kiashiria changu. Hapo nikatoa amri, mimi mwenyewe kwa mdomo huu: "Chukua hizi hizi zilizoletwa. Za huyu mpe yule, za yule mpe huyu."

Shangazi akachota kwenye mkeka. Sahani ya katlesi ikatoka na Mwanajuma. Kumbe nyumba zote mtaani hali ilikuwa hiyo hiyo, hakuna aliyekuwa na kitu jikoni tena, kila mtu anapokea mlango huu anatoa mlango ule, futari ya mtaa mzima imekuwa inazunguka na hakuna anayekula. Hata wanaume waliorudi msikitini walikaa barazani wamepakata mikono, chakula wanakiona kinawapita.

Bwana Shaame karudi, kakaa, na mimi nimesimama katikati ya ukumbi nnatoa hotuba, nimefika pale pa "usitazame paa" (niliipenda sana hiyo), hodi ikapigwa. Akaingia mwanamke wa upande wa pili wa mtaa, hata jina lake silijui, na sahani nzuri ya maua, kawa jipya la rangi. Nikaipokea kwa mikono miwili. Nikamsogezea mgeni. "Na hii, Mama Neema, inatoka nyumba ya mbali kabisa," nikasema, "angalia ushirikiano ulipofika." Tiki. Nikafunua kawa.

Katlesi. Jani la saladi limelala upande, na pale mbele, juu ya wenzake, katlesi moja imeumwa, na pale ilipoumwa pana mdomo mwekundu, umejichora wote, wa juu na wa chini.

Bwana Shaame akaangalia katlesi, akaangalia mdomo wa Mama Neema, akainamisha macho haraka kwa adabu, akarudi kwenye katlesi. Mimi kawa liko mkononi, sijui nifunike au nilivae kichwani.

Mama Neema akainama, akaitazama vizuri. "Bwana Shaame," akasema, "mimi na huyu tushaonana."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka mtandio ukamuanguka, akashika ukuta, na mwanamke aliyeleta sahani naye, maskini, hajui kinachochekwa, akacheka kwa kusaidia. Bwana Shaame kauma midomo, mabega yanamtikisika. Kama ingekwisha hapo ningekuwa nimepata aibu ya kawaida, ya kuchekwa, mtu anaipona. Lakini hodi ikapigwa tena, ndogo, na hakuna aliyeitikia kwa sababu ya vicheko, mwenyewe akasukuma mlango.

Alikuwa Bi Time. Anapapasa ukuta kwa mkono mmoja, mkono wa pili kakumbatia sahani ya shangazi ya jana, na ndani yake ndimu chache.

"Masalkheri," akasema. "Mize, nimekurejeshea sahani yako. Nnasema labda umepungukiwa na vyombo, ndio maana leo hamkunikumbuka."

Jamani. Ukumbi umejaa vyakula mpaka pa kukanyaga hapana. Shangazi akaja kutoka uani, akaiona ile sahani, akakaa chini pale pale mlangoni. Kila siku sahani ya Bi Time ndiyo iliyokuwa ya kwanza, na siku ile shangazi kadhani Bi Asha kapeleka, Bi Asha kadhani Mwanajuma, na ukweli ni kwamba hakuna aliyedhani lolote, kila mmoja alitaka sahani yake ipite ukumbini kwetu ionekane, na kwa Bi Time hakuna wa kuiona.

Mama Neema alikuwa hacheki tena. "Umefuturu nini, bibi?" akamuuliza.

"Maji nshakunywa, Alhamdulillahi."

Na kidole changu, kwa mazoea tu, nnaapa sikukusudia, kikabonyeza. Tiki. Wakaisikia wote. Shangazi akanitazama, na jicho lile bora angenipiga.

Mama Neema ndiye aliyeinuka, akamshika Bi Time mkono, akamkalisha pale alipokuwa amekaa yeye, akamtilia tambi na pweza, akawa anamwambia kila kijiko kina nini. Bi Time akala kwa utulivu, akasifu pweza, akauliza mbona leo watu wengi na wote wamenyamaza.

Kikaoni Bwana Shaame hakunitukana, ingekuwa afadhali. Alisema tu, "Kile kiashiria cha Bi Rukia kimekufa kwa shibe," akageuza ukurasa, akaenda kwenye mabati. Wenzangu wakacheka mpaka mwenye duka la vitambaa akapanda juu kuuliza kuna nini. Mkataba sikunyimwa, na nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwamba mtu aliyeona aibu ile hatomsifia tena mkuu wake kitu asichokihesabu. Akanipa kazi ya paa. Ndiyo nnayoifanya mpaka leo, nnazunguka Unguja nimetazama juu.

Lakini nilichokuwa nnakiogopa mwanzo, hiyo kazi, kumbe kilikuwa kidogo. Maana kule Uroa sahani zilisimama. Shangazi alinipigia simu baada ya siku chache, sauti kavu, akasema watu wanaoneana haya, Bi Asha kafunga mlango wake, Mwanajuma anaona akipeleka kitu wataambiana anatafuta kuonekana, njia alasiri ni nyeupe, hata watoto wanauliza. Yeye shangazi anampelekea Bi Time, lakini anapita nyuma ya nyumba, anajificha na sahani chini ya kanga kama kaiba. "Umetuhesabu mwanangu," akasema, "umetuhesabu mpaka tumekwisha."

Ijumaa nikapika mwenyewe. Ndizi mbivu za nazi, sikuthubutu katlesi. Nikapanda gari na sufuria mapajani mpaka Uroa, nikatia kwenye sahani ya shangazi, nikafunika kawa, nikatoka mlango wa mbele alasiri jua linawaka, nikapita katikati ya njia watu wote wananiona. Kile kidude cha kidoleni sikukivaa. Nikapiga hodi kwa Bi Time.

"Nani?"

"Rukia, bibi. Wa kwa Mize. Shikamoo."

"Marahaba." Akapapasa kawa, akapapasa ukingo wa sahani, akanusa, kisha akanyanyua uso upande wangu. "Hii ya kuhesabiwa au ya kuliwa?"

Wallahi nilidhani hajui lolote. "Ya kuliwa, bibi."

"Basi weka hapo, halafu umwambie Asha zile tambi zake nnazitamani, aache kununa."

Nikaenda kwa Bi Asha na ujumbe wangu, na kabla ya magharibi mlango wake ukafunguka, tambi zikatoka. Sahani ya pili ilitoka wapi sikutaka kujua, niliingia ndani nikageukia ukuta mpaka adhana. Tangu siku hiyo nimeapa, mabati nitayahesabu, nguzo za umeme nitazihesabu, Bwana Shaame akitaka na minazi nitampa, vitu hivyo ukivihesabu havijui na havikimbizani kujiongeza. Lakini sahani ya mtu, hapana. Kila Ramadhani nnampelekea Bi Time mara kwa mara, na mkiniuliza nimepeleka ngapi, nitawaambia sijui, na hilo ndilo jambo moja katika habari hii yote ambalo sioni aibu nalo.